Nani yuko macho saa tisa za usiku?

Hotuba kuhusu usalama wa wazee wanaolelewa makaoni, iliyotolewa Malindi, Kenya, mbele ya familia, wahudumu wa wazee na viongozi wa dini, siku chache kabla ya Siku ya Wazee Duniani. Msemaji ameiandika upya kwa ajili ya wasomaji.

Assalamu alaikum. Bwana asifiwe. Hamjambo nyote, wa hapa mjini na nyinyi mliotoka Mambrui, Gede na Marafa mkaacha shughuli zenu. Wazee wangu wa mstari wa mbele, shikamooni.

Kabla sijaendelea, naona wawili kati yenu mmepewa viti visivyo na mikono. Vijana, tafadhali wabadilishieni. Mtu wa miaka 80 huinuka kwa kujisukuma na mikono, magoti yalishachoka zamani. Ahsanteni. Naweza kusema nimeshamaliza nusu ya hotuba, maana habari yote ya leo ni ya namna hiyo hiyo.

Mimi nimekuwa muuguzi miaka 34. Mwaka jana nilistaafu, na mwaka huo huo nikatimiza 60, umri ambao ukiupita, Katiba yetu, kifungu cha 260, inakuhesabu kuwa ni mzee. Kwa hiyo sisemi habari za watu wengine.

Nianze na jambo ambalo nimelificha miaka mingi. Shangazi yangu, Mungu amrehemu, hakujaliwa mtoto. Alipoanza kusahau, akawa anatoka alfajiri kwenda kumtafuta mume aliyekwisha kufa, tulikaa kikao cha ukoo. Mimi niko zamu, binamu zangu wako Mombasa, nyumbani kuna msichana wa kazi wa miaka 17. Tukaamua kumpeleka makao ya wazee katika mji mwingine. Mji siutaji wala makao siyataji. Tulimtoa baada ya Isha ili mtaa usione. Majirani tukawaambia amekwenda kutibiwa.

Makao yenyewe tuliyapenda. Geti limepakwa rangi, asumini imepandwa pembeni, ndani marumaru nyeupe zinang'aa mpaka unajiona uso. Niliuliza chakula, nikauliza bei, nikauliza kama atasaidiwa kutawadha. Wazee wetu walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mimi niliingia, nikatazama marumaru, nikaridhika.

Mwezi wa nne hivi, nikienda kumtembelea, basi liliharibika njiani. Nilifika saa nane za usiku zimepita. Nikaona badala ya kutafuta gesti, nitakwenda kulala kwenye kiti karibu na kitanda chake. Askari wa nje alinifungulia. Mlango wa vyumba vya kulala una grili ya chuma na kufuli. Nikamwomba ufunguo. Akaniambia ufunguo anao matroni, na matroni amekwenda nao nyumbani kwake.

Ndani kulikuwa na wazee 19 na msichana mmoja. Msichana amelala fofofo juu ya mkeka, na simlaumu, alikuwa kazini tangu asubuhi. Nikaita. Msichana hakusikia. Aliyesikia ni shangazi, akanijibu gizani kwa sauti ya upole, kama mtu anayemweleza mgeni desturi za nyumba: "Mwanangu, huu mlango hufunguliwa asubuhi."

Tangu usiku ule, kila nikiitwa kutazama makao ya wazee nina swali moja la kwanza. Saa tisa za usiku, nani yuko macho, na ufunguo uko wapi?

Sababu ya kuuliza hivyo nitawaeleza. Huko Scotland, katika mji wa Uddingston, kulikuwa na makao yaliyoitwa Rosepark. Alfajiri ya tarehe 31 Januari 2004 moto ulizuka katika kabati lenye sanduku la umeme. Haukuwa moto wa kubomoa jengo. Lakini milango ya vyumba vingi vya kulala ilikuwa wazi, moshi ukapita kwenye ujia ukaingia kwa wazee vitandani. Kengele ililia. Wahudumu wakaenda kwanza kutafuta moto uko wapi, na zimamoto walipigiwa simu baada ya kama dakika tisa. Wazee 14 walikufa. Uchunguzi wa mahakama ulipotoa uamuzi wake mwaka 2011, ulisema baadhi yao wangeweza kuokoka kama milango ingefungwa na kama kungekuwa na mpango wa kueleweka wa nini kifanyike.

Hiyo ni nchi yenye zimamoto wanaofika, kengele za moto na wakaguzi. Sasa tutazame kwetu. Mapaa ya makuti nyinyi mnayajua. Mmeona hoteli za ufuoni zikiteketea, cheche moja na upepo wa kusi, basi. Ndani ya vyumba vya wazee wetu kuna dawa ya mbu ya kuwasha chini ya kitanda, na neti juu yake. Kuna chetezo, kwa sababu Bi mkubwa hawezi kulala bila kufukiza udi, na mimi sitamkataza. Kuna soketi moja imebeba feni, friji na chaja tano. Wala sisemi tuondoe kila kitu. Chetezo kifukizwe magharibi, mhudumu akiwapo, kisha kizimwe kwa maji. Fundi wa umeme aliyesomea kazi aitwe, asiwe mjukuu wa mtu. Milango ya vyumba ifungwe usiku, kufungwa kwa kurudishiwa, si kwa kufuli. Na mlango wa kutokea uwe na komeo linalofunguka kwa ndani bila ufunguo wowote.

Halafu kuna zoezi la kutoka. Makao mangapi yamewahi kujaribu? Usiombe kuonyeshwa mtungi wa kuzimia moto ukutani, huo hutundikwa kwa ajili ya wageni. Muulize yule msichana wa zamu: huyu babu hatembei, utamtoaje peke yako? Kama hajui, mfundishe leo. Humbebi. Unamshusha chini juu ya blanketi au godoro lake jembamba, unashika upande wa kichwa, unaburuta. Mtu mmoja anaweza. Nimewafundisha wasichana wembamba kabisa wakaweza.

(Hapa mzee mmoja alinikatiza akasema: "Mwanangu, sisi watu wa pwani hatuna mila ya kutupa wazee makaoni. Hayo ni ya Wazungu." Ukumbi ukapiga makofi. Nilimjibu hivi.)

Babangu, nakuheshimu, na makofi nimeyasikia. Lakini vuka bahari uende Unguja, utakuta Welezo na Sebleni, wazee wanalelewa na serikali, na wale ni Waswahili kama sisi. Au usivuke bahari. Panda gari uende Ganze, pale Kaya Godoma, kuna wazee waliokimbia nyumba zao kwa sababu waliitwa wachawi. Mvi na macho mekundu ya moshi wa kuni vimekuwa ushahidi. Na ukichimba sana chini ya neno uchawi utakuta ugomvi wa shamba. Hao hawakutupwa na Wazungu.

Na wazee wa namna hiyo wanahitaji usalama wa aina mbili unaogombana. Adui wao yuko nje, kwa hiyo wanataka ua imara, taa na mlinzi. Moto uko ndani, kwa hiyo wanataka mlango unaofunguka upesi. Anayetia kufuli akidhani anawalinda na panga amewafungia na moshi. Ndiyo maana nasisitiza lile komeo la ndani, na mtu aliye macho.

Nirudi kwa Babangu. Nakwambia kwa nini neno lako linaniuma. Usiku ule nilipoona kufuli, asubuhi yake nilipaswa kwenda kwa chifu, ofisi ya ustawi wa jamii, popote. Sikwenda. Ningekwenda, mtaa mzima ungejua tumempeleka shangazi makaoni. Nikamhamisha kimya kimya, wale wengine 18 nikawaacha ndani ya kufuli lile lile. Mficha uchi hazai, na mimi niliuficha kwa sababu nilijua makofi kama haya yananingoja. Aibu yetu ndiyo inayolinda makao mabaya kuliko hongo yoyote. Mzee aliyepelekwa gizani hatembelewi mchana, na asiyetembelewa hakuna anayehesabu mifupa yake.

Sasa niseme ya mwili, kwa sababu ndiyo niliyosomea.

Vidonda vya kulalia. Mzee asiyeweza kujigeuza, uzito wake wote unakandamiza mahali pamoja: juu ya matako, nyonga, visigino. Damu haipiti, nyama inakufa. Tulifundishwa kumgeuza kila baada ya saa mbili. Saa mbili hizo hazisimami jua likizama. Kama anawekwa kitandani saa tatu usiku na kuguswa tena saa kumi na mbili asubuhi, hesabu mwenyewe. Na jambo ambalo vitabu vingi havikutuambia vizuri: vinasema tafuta wekundu. Kwenye ngozi yetu wekundu hauonekani. Tafuta mahali palipozidi weusi, kisha weka mgongo wa mkono. Pakiwa pa moto kuliko pembeni, au pagumu, au amekunja uso ulipogusa, kidonda kimeanza, ingawa ngozi haijachanika. Mkienda kumtembelea mzee wenu msiishie kumpa maandazi na kuondoka. Fungueni leso, tazameni visigino.

Maji. Malindi kuna joto, na kadiri mtu anavyozeeka ndivyo anavyopungukiwa na hisia ya kiu. Lakini kuna kingine wazee hawakisemi mbele ya watoto wao: wananyima koo makusudi. Bibi mmoja aliniambia kuanzia alasiri hanywi kitu, kwa sababu usiku akiita apelekwe choo hakuna anayekuja, na kujikojolea ni aibu kwake kuliko kiu. Asubuhi anaamka amechanganyikiwa, mkojo mweusi kama chai ya rangi, wanasema uzee umezidi. Haukuzidi uzee. Hakukuwa na mtu macho.

Wengine hawaiti, wanajiendea wenyewe gizani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na wanaoongoza ni waliopita miaka 60. Zile marumaru nyeupe nilizozipenda, zikimwagikiwa maji ni kama umepaka sabuni. Ninachotaka choo cha wazee kiwe nacho si ghali: sakafu ya kukwaruza, taa inayowaka usiku kucha, chuma cha kushikilia kilichotiwa saruji ukutani, kiti cha kukalia badala ya kuchutama, na mlango unaofungukia nje, kwa sababu akiangukia ndani, mlango unaofungukia ndani utamgonga yeye. Na tafadhali, ndara zilizokwisha nyayo zitupwe.

Dawa nitataja moja tu. Wenye kisukari wengi wa umri wetu wamepewa glibenklamaidi. Ni dawa ya bei nafuu, lakini kwa mzee inaweza kuishusha sukari mno, hasa akimeza na asile, kama anavyofanya mzee asiyependa chakula cha jioni, au aliyeng'ang'ania kufunga Ramadhani bila kumwambia daktari. Sukari ikishuka anatoka jasho la baridi, anapayukapayuka, kisha anazama. Mhudumu akipita na tochi anasema, mashallah, babu leo amelala vizuri. Kwa hiyo kila makao yawe na daftari la dawa: jina, kipimo, saa, sahihi ya aliyetoa, na safu ya kuandika kama alikula. Daftari likiwa na sahihi za wiki nzima kwa wino mmoja na mwandiko mmoja, jua limejazwa Ijumaa.

Nimewataja wahudumu, na sitaki waonekane ndio wabaya. Lakini Shirika la Afya Duniani lina takwimu nyingine inayotisha: wafanyakazi wawili kati ya kila watatu katika makao ya kulelea, walipoulizwa, walikiri wenyewe kwamba mwaka uliopita waliwahi kumtendea mzee vibaya. Walikiri wenyewe. Nami nawaamini, kwa sababu nimewahi kumfokea mgonjwa saa kumi za alfajiri, na mpaka leo naikumbuka sura yake. Ukimpa mtu mmoja wazee 19 usiku kucha, mshahara haujalipwa miezi miwili, atamfunga mzee anayetangatanga kwenye kiti kwa leso. Hatafanya kwa ukatili. Atafanya apate kuwaogesha wengine. Lakini leso ile inakata damu, na mzee aliyefungwa hujitupa na kiti chake. Hapa Malindi tuna wasichana na vijana waliowalea wazee wa Kiitaliano waliohamia kwetu, wanaijua kazi hii vizuri sana, na wengine tunawapoteza kila mwezi kwenda Uarabuni. Wanakwenda kwa sababu huko wanalipwa. Makao yanayosema yanatunza wazee huku hayalipi watu wa usiku, mimi siyaamini hata yakiwa na bustani.

Fedha nazipitia haraka. Inua Jamii, ile posho ya serikali kwa wazee, ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Nani anakwenda kuzipokea, kitambulisho kinakaa kwa nani, na mzee anaonyeshwa hesabu? Hati ya shamba isiingie makaoni kabisa.

Sheria hatujakosa pa kuanzia. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinasema mzee aishi kwa heshima, asidhulumiwe, apate matunzo ya familia yake na ya serikali. Vyote viwili, familia na serikali, tusisukumiane. Mkataba wa Afrika kuhusu haki za wazee, uliopitishwa Addis Ababa Januari 2016, una kifungu kizima cha makao, cha 11: kukaa makaoni kuwe hiari, kuwe kwa gharama inayowezekana, na matunzo yafikie viwango vya chini vya kitaifa. Afrika Kusini, kwa sheria yao ya mwaka 2006, mzee mwenye akili timamu haingizwi makaoni bila ridhaa yake, na makao yanatakiwa kuwa na kamati ya wakazi wenyewe. Mimi shangazi sikumwuliza. Alikuwa anasahau, ndiyo, lakini kulikuwa na asubuhi alizokuwa na akili zake zote, na ningeweza kuchagua mojawapo.

Wala tusidhani pesa ndiyo dawa peke yake. Australia ni nchi tajiri. Iliunda tume kuchunguza malezi ya wazee mwaka 2018, na ripoti ya awali ya 2019 iliitwa kwa neno moja tu, ambalo Kiswahili chake ni kutelekeza.

Ninachoomba leo ni kidogo. Kila familia yenye mzee makaoni, hapa au kwingine, iende kumwona mara moja kwa mwezi bila taarifa, na katika kila mara tatu moja iwe usiku. Makao mazuri yatakupa kiti na chai. Yakikwambia wageni mwisho saa kumi na moja jioni, uliza kwa nini, na uulize kwa sauti. Masheikh na wachungaji, mnazo funguo za nyumba nyingi katika mji huu. Wagonjwa mnawatembelea, basi muwaongeze na hawa. Na hili naliweka pembeni mlifikirie: watu wa pwani tumeweka wakfu misikiti, visima na minazi kwa karne nyingi. Sioni kwa nini mtu asiweke wakfu mshahara wa mhudumu mmoja wa usiku.

Karatasi iko pale mlangoni. Tunataka majina ya watu watakaozunguka wawili wawili, kuanzia mwezi ujao, na tutaanza na makao mawili yaliyokubali kutupokea usiku. Nimejiandika wa kwanza, kwa hiyo anayeogopa kwenda na mtu asiyemjua aende nami.

Sasa nakaa. Kuna bibi hapa mbele mwenye leso ya kijani, amenyoosha mkono tangu nilipokuwa kwenye habari ya maji, na kila mmoja wetu anapitisha macho juu yake. Kijana, mpelekee kipaza sauti. Asisimame, aseme hapo hapo alipokaa.